Mshono Chini ya Sinki

Mshono ulikuwa na rangi ya dhahabu, na fundi pekee aliyejulikana kushona chuma namna ile alikuwa amekwisha kuhesabiwa kati ya wafu.

Inspekta alilala chali kwenye sakafu ya jiko la hospitali, kichwa chini ya sinki la kuoshea masufuria, kurunzi ikiwa mdomoni. Mkononi alishika kioo kidogo cha kujitazamia, akakiinamisha mpaka kikamwonyesha kona ya nyuma, pale mguu wa sinki ulipokutana na tumbo lake. Kona ilikuwa nyembamba. Vidole viwili visingepita pamoja. Lakini kuna mtu aliingiza moto humo ndani, akaunganisha chuma na chuma, na chuma hakikuungua.

"Umeuona?" mpishi aliuliza kutoka juu.

"Nauona."

"Basi huyo ndiye mume wangu."

Inspekta akatoa kurunzi mdomoni. "Dada, huu ni mguu wa sinki."

"Kwani mimi sina kazi, mpaka nikulaze sakafuni kwa ajili ya mguu wa sinki?"

Mwanamke huyo alikuwa mpishi mkuu wa hospitali, mnene kiasi, mikono imezoea mvuke. Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana inayotengeneza matangi ya maziwa. Watu walimwita Dhahabu, kwa sababu mishono ya wenzake kwenye stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ilitoka kijivu kama jivu na yake ilitoka inang'aa kama pete. Kabla ya mvua kubwa aliondoka nyumbani asubuhi kwenda kazini, hakurudi. Bosi wake alisema aliaga mchana, mzima, akidai amechoka na kazi. Mfuko wake wa chakula uliokotwa darajani. Mto ulikuwa umefurika. Mwili haukuonekana.

Sasa kaka yake Dhahabu alikuwa amekuja kituoni kuomba iandikwe kwamba mdogo wake alikufa maji, ili ukoo umlilie yaishe na shemeji yake awe huru. Aliyekataa ni mke peke yake. Mkuu wa kituo alimpa Inspekta mpaka Ijumaa. Baada ya hapo jalada lingefungwa na Dhahabu angekuwa marehemu kwa mhuri.

Inspekta akatoka chini ya sinki, akajipangusa. "Mafundi wa stenlesi ni wengi. Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu ya kona." Mpishi akachutama, akaonyesha kwa kijiko cha mbao. "Mimi nimeolewa na fundi, nimesikia habari za gesi kuliko nilivyosikia jina langu. Chuma cha moto kikiguswa na hewa, kinaungua. Ndiyo maana kuna ile gesi, agoni. Inatoka kwenye tochi ya kuchomelea, inakifunika chuma mpaka kipoe. Sasa mahali pa wazi, sawa. Kwenye kona kama hii gesi inatawanyika, hewa inaingia, mshono unatoka kijivu. Kila fundi. Isipokuwa yeye."

"Yeye alifanyaje?"

"Alikuwa ananiibia machujio ya chai."

Inspekta alisubiri.

"Anakata kiduara cha wavu, anakitia kwenye koo la tochi yake. Gesi ikipita humo inatulia, inashuka imenyooka, inafika mpaka konani. Nilikuwa nagombana naye kila mwezi. Nikamwambia, sisi tunakunywa chai yenye majani ili matangi ya watu yapendeze! Anacheka tu. Ananunua lingine, analikata tena." Akainuka, akakiweka kijiko mezani. "Sasa nina chujio moja. Zima. Linaning'inia ukutani tangu aondoke, hakuna wa kulikata. Chai yangu haina hata jani moja, dada. Na siitaki."

Inspekta alirudi chini ya sinki. Simu yake isingeweza kuingia konani, kwa hiyo alipiga picha ya kile kilichoonekana ndani ya kioo.

"Sinki hili lilitengenezwa lini?"

"Wiki iliyopita. Mguu ulikuwa umekatika. Mimi sikuwepo, ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Nimeliona juzi nilipoangusha kifuniko kikabingirika huko chini."

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Shemeji atasema nimerukwa na akili. Tayari anasema." Akamtazama Inspekta usoni. "Wewe niambie kitu kimoja tu. Yuko hai au hayuko. Ukiniambia hayuko, nitalia kama watu wengine."

* * *

Bosi wa karakana alimpokea Inspekta mlangoni mwa ofisi, hakumkaribisha ndani.

"Afande. Bado ni habari za marehemu?"

"Nani amesema ni marehemu?"

"Si mto huo." Akatabasamu bila kuonyesha meno. "Mimi nilishatoa maelezo. Aliaga, akaondoka. Mtu mzima siwezi kumfunga kamba."

"Nahitaji kuongea na mafundi wako."

"Wana kazi."

"Nitawaangalia wakifanya."

Ndani kulikuwa na matangi manne yaliyolala ubavu, na harufu ya chuma kilichosagwa. Msimamizi wa mafundi, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliichukua simu ya Inspekta akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Hii kona umeipata wapi?"

"Nijibu wewe kwanza. Hapa nani anaweza kuishona?"

"Aliyekuwa anaweza hayupo." Msimamizi alirudisha simu. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Labda Kobe. Kobe alikuwa anamchungulia."

Kobe aliitwa hivyo kwa upole wa mwendo wake. Alikuja akiburuta buti, barakoa ya kuchomelea ikiwa imepandishwa juu ya paji la uso. Aliposikia neno hospitali alitikisa kichwa.

"Mimi? Afande, hospitali siendi hata nikiumwa."

"Basi nishonee kona kama hii. Hapa, sasa hivi."

"Ili iwe nini?"

"Ili nijue si wewe."

Mafundi wengine wakaguna kwa kicheko. Msimamizi alitafuta vipande viwili vya stenlesi, akavishikiza vikafanya kona nyembamba kama ile ya chini ya sinki. Akaenda kuzima feni kubwa, akafunga lango la karakana.

"Kwa nini unafunga?" Inspekta aliuliza.

"Upepo. Ukipuliza kidogo tu, gesi inaondoka. Unadhani umefunika, kumbe uko uchi."

Kobe alifungua mtungi wa agoni, akazungusha mita mpaka tochi yake ikaanza kufoka kama nyoka. Akashusha barakoa. Wote wakageuka kuupa mwanga mgongo. Alipomaliza, Inspekta aliinama juu ya kona. Mshono ulikuwa umenyooka vizuri, lakini rangi yake ilikuwa ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Kijivu," alisema Inspekta.

"Kona ni mbaya."

"Kona haina kosa," Msimamizi alisema. "Wewe gesi unaimwaga kama unazima nyumba inayoungua. Nimekwambia mara ngapi? Gesi nyingi hairundikani. Inagonga chuma, inavurugika, inaivuta hewa iingie ndani. Punguza."

"Huyu naye! Kwani gesi ni yako?"

"Ya Bosi, na bado inaniuma. Punguza."

Kobe akapunguza. Mfoko ukawa mnong'ono. Wakapanga vipande vingine, akashona tena. Safari hii mshono ulitoka na rangi ya zambarau, na pembeni buluu kidogo.

"Afadhali," Inspekta alisema. "Sasa jaribu na chujio."

Kobe alimtazama Msimamizi, Msimamizi akatazama miwani yake aliyokuwa ameivua. Mwishowe Kobe alifungua kopo la mafuta ya nywele alilotunzia vitu vyake vidogo, akatoa kiduara cha wavu mwembamba kama kifungo cha shati. Alikiweka ndani ya koo la tochi, akarudishia kile kikombe cheupe cha kaure kinachoelekeza gesi. Akaivuta sindano ya tochi, ile inayotoa moto, itokeze nje zaidi, ifike mpaka ndani kabisa ya kona. Akashona.

Dhahabu tupu.

Kobe mwenyewe aliinua barakoa, akaona, na uso wake ukabadilika kutoka furaha hadi hofu.

"Afande, ngoja. Si umesema ili ujue si mimi?"

"Wiki iliyopita ulikuwa wapi?"

"Hapa! Waulize! Msimamizi, sema basi, mbona umesimama kama mlingoti?"

"Alikuwa hapa," Msimamizi alisema. "Kila siku. Akichelewa, kama kawaida yake."

Inspekta aliweka simu yake kando ya kona mpya, akalinganisha. Mshono wa stenlesi hujipanga magamba madogo kama ya samaki, gamba juu ya gamba. Migongo ya magamba inaelekea kule mshono ulikoanzia. Mshono wa Kobe ulianza kulia ukaenda kushoto. Na kwenye picha pia, magamba yalitoka kulia kwenda kushoto.

"Mafundi wote mnakwenda upande huu?"

"Ukishika tochi kwa mkono wa kulia, ndiyo," alisema Msimamizi. "Tochi inasukuma kuelekea kushoto, na mkono mwingine unalisha waya mbele yake. Dhahabu alikuwa hivyohivyo. Kobe hivyohivyo."

Inspekta aliipanua picha kwa vidole viwili. Juu ya mshono, kwenye chuma, kulikuwa na herufi zilizogongwa kiwandani. Alijaribu kuzisoma, akashindwa. Akajaribu tena. Herufi zilikuwa zimegeuka. Picha ilikuwa imepigwa ndani ya kioo.

Alimwomba Msimamizi miwani, akaitazama picha kutoka mwisho hadi mwanzo.

"Kioo kinageuza," alisema. "Mshono huu haukutoka kulia. Umetoka kushoto. Hapa kuna fundi mwenye shoto?"

"Hakuna," alisema Kobe haraka. Pumzi zilikuwa zimemrudia. "Hakuna hata mmoja! Nilikwambia si mimi."

"Kona inaweza kumlazimisha mtu abadilishe mkono," Msimamizi alisema, lakini polepole.

"Inaweza. Sasa angalia jambo la pili. Mshono wako, Kobe, umenyooka. Huu wa sinki unayumba. Hapa umepanda, hapa umeshuka, hapa magamba yamebanana. Mwanafunzi anashona hivi, si kweli?"

"Mwanafunzi kabisa."

"Lakini mwanafunzi angeunguza chuma. Huyu hakuunguza hata mahali pamoja. Gesi yake ni ya bingwa na mkono wake ni wa mtu anayeanza." Alimrudishia Msimamizi miwani. "Ni mtu gani wa namna hiyo?"

Msimamizi hakuichukua. Macho yake yalikuwa yamekwenda mara moja tu, kwa haraka, kwenye mashine iliyokuwa ukutani, ile ya roli mbili za chuma zinazokunja mabati ya matangi. Inspekta alifuata macho hayo. Mashine ilikuwa kuukuu, rangi imebanduka kila mahali, isipokuwa mbele ya roli, ambapo palifungwa wavu wa kuzuia mikono. Wavu ulikuwa mpya. Boliti zake zilikuwa bado zinang'aa.

Akaenda akaugusa. "Huu mlifunga lini?"

"Muda kidogo."

"Kabla ya mvua kubwa au baada?"

Kobe alianza kuikagua tochi yake kana kwamba hajawahi kuiona.

"Msimamizi," alisema Inspekta, "nyumbani kwake kuna mwanamke anatakiwa kumlilia mtu. Kama wewe unajua mtu huyo hayuko kaburini, sema."

Msimamizi alivuta kiti, akakaa. "Baada," alisema. "Ulikuwa mkono wa kulia. Glavu ilikamatwa na roli, ikaenda na vidole. Tulizima mashine, lakini unajua chuma hakina huruma. Bosi alimpeleka kwa daktari anayemjua yeye, si hospitali. Akatuambia tukisema, karakana itafungwa na sote tutakula nyasi. Siku ya tatu Dhahabu alikuja na bandeji, akatuaga mmoja mmoja. Tuliposikia habari za mfuko darajani, tulidhani ni kweli. Fundi wa namna ile, bila mkono ule. Tulidhani ameona heri maji."

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Bosi alisimama hapo, akimtazama Msimamizi aliyekaa.

"Nani amesimamisha kazi?"

"Mimi," alisema Inspekta. "Na wewe usiende mbali."

* * *

Mtunza stoo wa hospitali alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliwapeleka Inspekta na mpishi kwenye toroli la kubebea vyombo, kisha kwenye kifuniko cha sufuria kubwa la mvuke, kisha tena kwenye sinki. Vyote vilikuwa vimetengenezwa miezi ya karibuni, kwa mfuatano huo. Vyote vilikuwa na mishono ya dhahabu, na toroli na kifuniko ilikuwa mishono ya mahali pa wazi, ambapo hakuna kona ya kumlazimisha mtu mkono. Magamba yalitoka kushoto kwenda kulia, kote.

Mshono wa toroli uliyumba kama mlevi anayetafuta nyumba. Wa kifuniko uliyumba kidogo. Wa sinki, kidogo zaidi.

Mpishi alipitisha kidole kwenye mshono wa toroli. "Hili nalisukuma kila siku," alisema. "Kila siku."

"Vinatengenezwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwa Mama Mageti, nyuma ya kiwanda cha mbao," alisema mtunza stoo. "Fundi wake anakuja mwenyewe kufunga. Mtu mzuri, ila hana maneno. Mimi namsemesha, yeye anaitikia tu. Swali lake ni moja."

"Lipi?"

"Mpishi mkuu yuko? Nikimwambia yuko, anasema basi nitakuja siku nyingine. Nikadhani labda uliwahi kumfukuza jikoni, mama, maana wewe ukikasirika!"

Mpishi hakucheka. "Endelea," alisema.

"Ndiyo hivyo tu. Anakuja ukiwa umepumzika. Halafu, ehe, ana mambo ya ajabu kwenye chakula. Siku ya sinki nilimpa chakula cha moto, kimeiva saa hiyohiyo. Akaniuliza, cha jana hakijabaki? Nikamwambia, mzee, kiporo cha nini na hiki kinatoa moshi? Akasema hapana, nipe cha jana."

"Jana yake nani alipika?" aliuliza Inspekta.

Mtunza stoo alimwelekeza mpishi kwa kidevu.

Mpishi alichukua sufuria lililokuwa safi, akaliweka ndani ya sinki, akafungua maji, akaanza kulisugua. Alilisugua ndani, akalisugua nje, akalisugua masikio. Inspekta alisimama kando yake mpaka maji yalipofungwa.

"Twende," mpishi alisema, akivua aproni.

* * *

Karakana ya Mama Mageti ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, milango ya geti imeegemezwa ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa. Mwenyewe alikuwa nje, mwanamke mkubwa, akipaka rangi. Alimtazama Inspekta, akamtazama mpishi, brashi ikamdondokea ndani ya kopo.

"Wewe ndiye," alimwambia mpishi.

"Mimi ndiye nani?"

"Sijui. Lakini mtu haji kwangu na macho hayo kwa ajili ya geti." Akajifuta mikono. "Mimi sijamficha mtu, afande. Alikuja na mkono umefungwa, akaniomba kona ya kufanyia mazoezi. Nikamwambia, mazoezi ya nini na mkono huo? Akasema, nina mwingine. Angalia pale."

Nyuma ya mlango kulikuwa na lundo la vipande vya stenlesi, kila kipande kimeshonwa kwa kipande kingine bila sababu yoyote. Inspekta alichutama akavipekua. Chini ya lundo kulikuwa na mishono iliyojaa mabonde na vilima, juu ilikuwa imeanza kutulia. Yote ilikuwa ya rangi moja.

"Kila jioni, kazi za watu zikiisha," alisema Mama Mageti. "Anashona, anakitazama, anakitupa. Anashona, anakitazama, anakitupa. Nikamwambia, baba, huu wa leo mbona mzuri? Akasema wewe hujaona mzuri."

Ndani, mnong'ono wa gesi ulikuwa ukisikika, na mwanga mweupe ukigonga bati. Kisha mwanga ukazimika. Mpishi akaingia.

Mwanamume aliyekuwa ameinama juu ya meza alinyanyuka. Barakoa ilikuwa imeshuka mpaka kidevuni. Mkono wake wa kushoto ulishika tochi. Wa kulia ulikuwa ndani ya glavu, umetulia kando ya mwili.

"Vua hiyo," mpishi alisema.

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado haujanyooka." Sauti ilitoka ndani ya barakoa kama mtu anayesema ndani ya mtungi. "Nilikuwa nije. Nilisema ukinyooka tu, nakuja."

"Nani alikuagiza mshono ulionyooka?"

Barakoa iliinama kuelekea mshono uliokuwa mezani.

"Nakuuliza wewe. Nilisimama mlangoni nikasema, mume wangu, usirudi mpaka unyooshe mshono?"

"Wewe uliolewa na Dhahabu."

"Niliolewa na mtu anayekoroma! Kaka yako anataka nikulilie. Amekwisha kununua maturubai. Kila asubuhi nasema hapana, anaondoka, jioni anarudi. Na wewe uko hapa nyuma ya mbao, unakula viporo vyangu kwa siri kama paka."

Nje, Mama Mageti alicheka, akajiziba mdomo.

Inspekta alisogea kidogo. "Na mfuko, mzee? Ule wa darajani?"

Barakoa ilimgeukia. "Nilifika mpaka pale. Nyumbani ni ng'ambo. Niliona moshi wa jiko letu, nikajua anapika. Nikasema, nikifika ataniwekea chakula, na kijiko nitakishikaje mbele yake? Nilikaa sana. Nilipoinuka nikaelekea huku. Mfuko niliusahau tu."

Mpishi alivuka chumba. Alisimama karibu naye, akaichukua glavu ya kulia kwa ncha, akaivuta. Ilitoka kwa urahisi. Matambara yaliyojazwa mahali pa vidole yakaanguka sakafuni. Aliutazama mkono kwa mbele, akaugeuza, akautazama kwa nyuma, bila haraka, kama anavyotazama kitu anachokusudia kukipeleka nyumbani.

"Ndiyo huu?"

"Ndiyo huo."

"Wote?"

"Wote."

"Basi," alisema, akauweka kati ya viganja vyake viwili, akaufunika.

Mwanamume akaweka tochi chini. Akainua barakoa kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amekonda, na nywele za kando zilikuwa zimeota mvi ambazo hazikuwamo kwenye picha ya jalada.

Inspekta alitoa kalamu. Bosi wa karakana alikuwa na mengi ya kujibu, na shahidi aliyeweza kumjibisha alikuwa amesimama hapo, akipumua.

"Mzee, nitahitaji maelezo yako kuhusu ile mashine. Jina la daktari. Nani alikuwepo. Bosi alikwambia nini hasa."

"Afande." Mpishi hakugeuka, wala hakuuachia mkono. "Kesho ni wako. Leo ni wangu."

Kalamu ilirudi mfukoni. Inspekta alitoka nje, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukagota.

Mama Mageti alimsogelea, akanong'ona, "Na geti langu je? Mteja ananisubiri tangu jana."

"Ajifunze kusubiri," alisema Inspekta, akaketi kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa, ili mtu yeyote asipite.